Malezi ya Nyumbani: Nuru Isiyoonekana na Fimbo ya Mzee



Barua nyingi zitufikiazo katika ukurasa huu ni za wazazi walalamikao juu ya vijana wao. Mwezi huu tumepata ya kijana mwenyewe, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mkazi wa Bunda. Jina lake tunalistiri kama alivyotuomba, lakini maneno yake tumeona yafaa kujibiwa hadharani, maana yahusu nyumba nyingi za Musoma, za Butiama na za kwingineko.

Kijana huyu aeleza kwamba ameunda gari dogo la magurudumu manne liendalo lenyewe, yaani roboti. Ubongo wake ni kibao cha umeme kiitwacho Arduino Uno, na jicho lake ni kihisi kipimacho umbali kwa mwanga wa infraredi. Fedha za kununulia alizipata kwa kazi ya kibarua wakati wa likizo. Shabaha yake si mchezo. Babu yake hana tena nuru ya macho, naye haachi kwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe, fimbo mkononi. Na mwaka huu mara mbili amerejea nyumbani akitokwa damu kwenye paji la uso. Kijana ataka kuling'oa lile jicho katika gari na kulifunga chini ya fimbo ya mzee ili limwonye. Walakini hesabu zitolewazo na jicho hilo zaruka kama panzi, na gari likiukaribia ukuta, badala ya kusimama, huuparamia. Juu ya hayo, baba yake amemwambia ayatupe madude hayo ashike vitabu.

Basi ametuuliza mambo matatu: namna iliyo sawa ya kukiunga kihisi hicho, kama chafaa kwa fimbo ya babu, na ampe baba yake jawabu gani. Tutayajibu yote kwa utaratibu.

Sisi ni walimu wa madrasa, na elimu yetu ya shule ni ya msingi. Kwa hiyo hatukutaka kujibu kwa kukisia. Tuliketi siku kadhaa hapa Musoma pamoja na vijana wetu na fundi redio mmoja jirani, tukaunga, tukapima kwa rula, tukaandika. Tuyasemayo hapa chini ni yale tuliyoyaona kwa macho pamoja na yale waliyoyaandika watengenezaji wa kifaa chenyewe.

NURU GANI HII?

Mwaka 1800, mtaalamu wa nyota William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akikaa Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo cha pembe tatu, rangi zikatandazika kama za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto kimoja alikiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Hicho ndicho kilichopanda kupita vyote. Ikadhihirika kwamba iko nuru nyingine baada ya wekundu, nayo ndiyo iitwayo infraredi.

Nuru hiyo si ngeni majumbani mwetu. Rimoti ya televisheni hutuma amri zake kwa nuru hiyo hiyo. Atakaye kuhakikisha, na aielekeze rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe: katika simu nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, ataona nukta ikimeremeta ambayo macho yake matupu hayaioni. Na katika mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, wengi wetu tulielekezewa paji la uso kipimajoto kisichogusa mwili. Nacho kilikuwa kikisoma infraredi itokayo katika ngozi ya mtu.

Kihisi cha kijana wetu ni kile kilichotengenezwa na Sharp ya Japani, kiandikwacho GP2Y0A21YK. Chapima kuanzia sentimita 10 hadi sentimita 80. Tunalitaja jina kwa sababu madukani kuna kingine cha bei ndogo, chenye vitaa viwili kama mbegu za mtama, kimoja cheupe na kimoja cheusi, nacho pia huitwa cha infraredi. Hicho cha pili hakipimi umbali hata kidogo. Chajua tu kwamba nuru imerudi au haikurudi. Mbele ya kanzu nyeupe hupiga kelele kutoka mbali, na mbele ya buibui jeusi hunyamaza mpaka karibu ya kugusana. Anayenunua na aulize kwanza: chapima, au chasema ndiyo na hapana tu?

KIPIMO CHA PEMBETATU

Watu wengi hudhani kihisi cha Sharp huupima umbali kwa nguvu ya nuru irudiyo. Sivyo. Chapima kwa pembetatu, na jambo hili mtu wa Musoma atalielewa upesi.

Tuseme watu wawili wamesimama usiku kwenye ufuko wa Mwigobero, wameachana hatua 20. Wa kwanza amulika tochi mbele yake moja kwa moja ziwani. Wa pili aitazama ile alama ya mwanga iangukiapo kwenye mtumbwi. Mtumbwi ukiwa karibu, mtu wa pili hana budi kuigeuza shingo sana upande wa mwenzake ili aione. Mtumbwi ukiwa mbali sana kuelekea Kinesi, atatazama karibu sawasawa na mwenzake, na shingo yake haigeuki ila kidogo mno. Basi mwenye kuijua pembe ya shingo, na kuujua umbali baina ya watu wawili, aweza kuujua umbali wa mtumbwi bila kuulowesha mguu wake.

Ndani ya kihisi wamo hao watu wawili, wameachana kadiri ya sentimita 2. Mmoja ni taa itoayo infraredi, na wa pili ni lenzi iipokeayo nuru irudiyo na kuiangusha juu ya ukanda mwembamba. Mahali nuru iangukiapo katika ukanda huo pabadilika kwa kadiri ya umbali, na kihisi hutafsiri mahali hapo kuwa umeme. Ndiyo maana karatasi nyeupe na karatasi ya kijivu hutoa karibu jawabu moja. Nguvu ya nuru hupungua, lakini pembe haibadiliki.

Hesabu ya namna hii si ngeni kwa wazee wetu wa elimu. Katika karne ya 11, Al-Biruni alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi iliyo leo Pakistani, akapima kimo cha mlima na pembe ya upeo wa macho, na kwa hivyo viwili akaukadiria ukubwa wa dunia nzima. Aliyekaa juu ya mlima na kijana aliyekaa Bunda na gari lake wanatumia mlango mmoja wa maarifa.

Katika mfano huu mna onyo. Mtumbwi ulio karibu ukisogea hatua chache, shingo yageuka sana. Ulio mbali ukisogea hatua zizo hizo, shingo haionekani kugeuka. Hali kadhalika kihisi. Kitu kikiwa sentimita 10 hutoa kadiri ya volti 2.3, kikiwa sentimita 20, kadiri ya volti 1.3, kikiwa sentimita 80, kadiri ya volti 0.4. Tazama basi: kutoka 10 hadi 20 umeme umeshuka volti nzima, lakini kutoka 70 hadi 80 hushuka sehemu ndogo sana ya volti. Kwa hiyo kihisi hiki ni mjuzi wa mambo ya karibu, na kwa yaliyo mbali hukisia.

NAMNA YA KUUNGA

Kihisi kina miguu mitatu: wa kwanza watoa jawabu, wa pili ni hasi, na wa tatu wapokea chanya. Mara nyingi waya nyekundu huwa ya chanya na nyeusi ya hasi, na iliyobaki, nyeupe au ya manjano, huwa ya jawabu. Lakini waya ziuzwazo kando hazifuati desturi hiyo sikuzote. Usiamini rangi. Fuata kila waya kwa kidole mpaka kwenye mguu wake, kisha uhakikishe kwa mita ya fundi. Aliyebadilisha chanya na hasi huenda asipate nafasi ya kurekebisha, kwa kuwa kihisi chaweza kuungua papo hapo.

Katika Arduino Uno, chanya huingia penye alama 5V, hasi penye GND, na jawabu penye A0, ambayo ni ya kwanza katika matundu 6 yapokeayo umeme wa kiasi. Kihisi chataka volti 4.5 hadi 5.5, wala hakivumilii kupita 7. Kwa hiyo ile betri ya mraba ya volti 9 isikiguse kamwe moja kwa moja.

Kibao huugeuza umeme ulioingia A0 kuwa hesabu kuanzia 0 hadi 1023, ambapo 1023 ni sawa na volti 5. Volti 2.3 zitasomeka karibu 470, na volti 0.4 karibu 82. Kijana akiona hesabu za namna hiyo, ajue ameunga sawa. Akiona 0 daima, au hesabu zinazotangatanga ijapokuwa hakuna kinachosogea mbele yake, na arudi kuzitazama waya.

Sasa twaja kwenye ugonjwa wa kuruka kama panzi. Sababu zake ni tatu, na dawa zake si ghali.

Sababu ya kwanza ni njaa ya umeme. Kihisi hula kwa wastani miliampea 30, lakini hakili kama mtu alaye polepole. Taa yake hupiga kwa mikupuo, na katika kila mkupuo hunyakua umeme mwingi kwa ghafula, volti zikashuka kidogo na jawabu likapotoka. Dawa ni kapasita ya maikrofaradi 10 au zaidi, ilehemiwe baina ya chanya na hasi, karibu kabisa na kihisi chenyewe. Kapasita ni kama mtungi wa maji uliowekwa jikoni: bomba likidhoofika kitambo kidogo, mpishi huteka mtungini. Mguu ulio upande wenye mstari ni wa hasi. Ukigeuzwa, kapasita huweza kupasuka.

Sababu ya pili ni mota za magurudumu. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme kwa nguvu na kuurudisha umechafuka. Mota na zipewe betri zao, na kibao pamoja na kihisi betri nyingine. Lakini angalia: hasi za betri zote mbili lazima ziungane mahali pamoja. Jirani wawili wakipima kimo cha nyumba zao, mmoja tangu usawa wa ziwa na mwingine tangu juu ya jiwe, hesabu zao hazitakutana abadan. Hasi ndiyo usawa wa ziwa.

Sababu ya tatu ni haraka. Kihisi hiki hutoa jawabu jipya kila baada ya kadiri ya sehemu 38 katika elfu za sekunde. Ukikiuliza upesi zaidi ya hapo chakurudia jawabu lile lile. Basi kiulize mara tano kwa kupumzika kitambo hicho, uyapange majawabu kuanzia dogo hadi kubwa, kisha uchukue lililo katikati. Usichukue wastani. Shahidi mmoja aliyepotoka mno huuvuta wastani upande wake, lakini hawezi kulihamisha lililo katikati.

MAHALI KISIPOSEMA KWELI

Hata kikiungwa vema, kifaa hiki kina mahali ambapo ushahidi wake haukubaliki, na mwenye kukitumia lazima apajue.

La kwanza ndilo lililoliua gari la kijana wetu. Tulisema kwamba kitu kinapokaribia, volti hupanda. Hupanda hivyo mpaka karibu ya sentimita 6, kisha kikisogea zaidi zaanza kushuka tena, kwa kuwa nuru irudiyo imekosa kuangukia ukanda wake sawasawa. Ukuta ulio sentimita 3 husomeka kana kwamba uko mbali. Gari likichelewa kidogo kusimama na kuingia katika eneo hilo, jicho laliambia: njia nyeupe, nenda! Nalo laenda. Programu haina kosa hapo, wala waya hazina kosa. Dawa ni kukirudisha kihisi nyuma, sentimita 10 kutoka pua ya gari, ili pua iguse ukuta kabla ukuta haujaingia katika eneo la uongo.

La pili ni jua. Jua la adhuhuri la hapa kwetu limejaa infraredi, na likikipiga kihisi usoni humeza nuru yake kama ngurumo imezavyo mnong'ono. Kivuli kidogo cha karatasi ngumu juu yake chasaidia, lakini hakiponyi kabisa.

La tatu ni kioo na maji. Nuru hupenya au hukwepeshwa pembeni, na kihisi hakipati habari yoyote. Dirisha la kioo lililofunguliwa ni hatari ambayo hakiioni.

La nne ni wembamba wa mtazamo wake. Chatazama kama mtu achunguliaye katika tundu la ufunguo. Tawi lililo juu kidogo ya mstari huo kwake halipo.

FIMBO YA MZEE

Sasa twafika penye jambo kubwa zaidi. Gari likigonga ukuta hasara ni ya plastiki, lakini fimbo ikimdanganya mzee hasara ni ya mfupa.

Mwanetu, umeandika kwamba wataka kukifunga kihisi chini ya fimbo. Hebu tafakari: babu yako amejeruhiwa wapi? Paji la uso. Je, jiwe la njiani hupiga paji la uso? Fimbo ya mti ambayo mzee anayo tayari yagusa ardhi hatua moja mbele yake, yamwonyesha jiwe, mtaro na kizingiti, wala haitaki betri. Kazi ya chini yafanywa vema na mti. Kinachompiga ni kile ambacho fimbo haifiki: dirisha lililofunguliwa kwa nje, ncha ya bati la kibanda, tawi la mwembe, nyuma ya lori lililoegeshwa. Kihisi chochote utakachofunga hakina budi kutazama juu, kifua na kichwa.

Tusidhani kwamba haya ni maoni yetu peke yetu. Wahandisi wa IIT Delhi nchini India walitoa mwaka 2014 fimbo iitwayo SmartCane, nayo hutazama vizuizi kuanzia goti hadi kichwa, kazi ya ardhini ikiachiwa fimbo yenyewe. Na nchini Kenya, Brian Mwenda aliunda kifaa cha kuwasaidia wasioona kiitwacho Sixth Sense, kikaingia mwaka 2018 katika orodha ya Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Vifaa vyote viwili hutumia mwangwi wa sauti, si infraredi, na sababu yake si ngumu kuijua.

Hesabu kwanza muda. Mzee aendaye polepole aweza kwenda sentimita 80 katika sekunde moja. Kihisi chako chaona sentimita 80. Ukikiuliza mara tano, imepita karibu sehemu ya tano ya sekunde, naye ameshasogea sentimita 16. Yabaki chini ya sekunde moja ahisi, afahamu na asimame. Muda huo hautoshi kwa mtu mwenye umri. Ndugu yake kihisi hicho, GP2Y0A02YK, huona kuanzia sentimita 20 hadi 150, lakini jua na wembamba wa mtazamo humsumbua vile vile.

Kipo kihisi cha sauti kiitwacho HC-SR04. Popo wa usiku hupiga sauti ambayo sisi hatuisikii na kuusikiliza mwangwi wake. Nacho hufanya hivyo. Kina miguu minne: chanya ya volti 5, hasi, mguu wa kuamuru sauti itoke, na mguu wa kutangaza kwamba mwangwi umerudi. Hupima kuanzia sentimita 2 hadi kadiri ya mita 4. Kila sehemu 58 katika milioni za sekunde, sauti ikienda na kurudi, ni sentimita moja. Mtazamo wake ni mpana kama mdomo wa tarumbeta, jua halimdhuru, na kioo hakimpenyi. Upungufu wake ni kwamba nguo laini humeza sauti, na ukuta uliokaa mshazari huitupa pembeni. Kwa kazi unayoikusudia, hiki ndicho tukipendacho. Cha infraredi kiache katika gari, ambako kimepata kazi yake.

Yako mambo mengine matatu.

Usitie king'ora. Asiyeona huyatumia masikio kuwa macho. Anasikiliza pikipiki itokayo nyuma, sauti ya mtu aliye mlangoni, na kunguruma kwa gari. Ukimpigia kelele mkononi umemfumba jicho la pili, na ndani ya msikiti utawaudhi wanaosali. Tumia mota ndogo ya kutikisa kama ile ya simu, iwekwe chini ya kiganja. Wala usiiunge moja kwa moja kwenye kibao. Tundu la Arduino halifai kutoa zaidi ya miliampea 20, na mota hiyo huhitaji zaidi, kwa hiyo pitisha umeme wake katika transista, na diodi kando yake.

Kimya kisiwe na maana mbili. Fimbo isipotikisika, mzee atajua njia ni salama. Lakini betri ikiisha pia haitikisiki! Kifaa kinachokufa kimya kimya ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa. Kwa hiyo ipe programu ya kugusa kiganja kidogo sana kila baada ya sekunde chache, kama mpigo wa moyo. Mpigo ukikoma, mzee atajua kwamba ameachwa na mti wake peke yake, na atatembea kwa hadhari yake ya zamani.

Na la tatu, muulize mwenye haja kabla ya kuunga waya wowote. Keti na babu yako. Mwulize ni wapi alipogongwa, na fimbo yake aishika vipi, na kiganja chake chahisi mtikisiko wa kadiri gani. Kisha mjaribu pamoja uani, asubuhi, adhuhuri na jioni, mkono wako ukiwa karibu na bega lake. Siku nyingi zipite kabla hajatoka nayo peke yake. Hata baada ya hapo, ukiwa nyumbani wakati wa sala, mshike mkono mwende pamoja. Hakuna mashine iliyoumbwa kuchukua nafasi ya mjukuu.

JAWABU KWA MZAZI

Kwa baba wa kijana huyu twasema kwa heshima: ndugu yetu, una haki ya kuogopa. Umewaona vijana waliopoteza miaka yao katika upuuzi wa simu, nawe hutaki mwanao awe mmoja wao. Lakini tazama kilichomo katika hilo unaloliita dude. Mna nuru na umeme anavyofundishwa shuleni, mna hesabu za pembetatu, mna subira ya kupima na kuandika, na juu ya yote mna kumhurumia babu, ambaye ni mzazi wako mwenyewe au mkweo. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mashine mwaka 1206, alieleza ndani yake namna ya kuunda chombo kiendacho chenyewe cha kummiminia maji mwenye kutawadha. Wazee wetu hawakuiona kazi ya mashine kuwa adui wa elimu.

Wala si elimu isiyokuwa na mlango wa riziki. Iko Shule ya Sekondari ya Ufundi Musoma, viko vyuo vya VETA, na Butiama kumewekwa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Ziwa letu lenyewe limeshaona kazi hizi: mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ndege ndogo isiyo na rubani ilikuwa imebeba dawa katika majaribio kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilometa 60, kwa muda wa dakika 40 tu. Ndege kama hiyo haiendi bila vihisi na vibao, vilivyo ndugu wa hivi alivyonavyo mwanao mezani.

Basi usimkataze, bali muwekee mipaka. Wakati wa masomo uwe wa masomo, na wakati wa sala uwe wa sala. Atumie betri ndogo, asiguse umeme wa ukutani. Betri za lithiamu asizichaji usiku watu wamelala. Alehemupo, dirisha liwe wazi na wadogo zake wawe mbali. Fedha azitumiazo aziandike. Na ukipata nafasi, keti naye umshikie rula. Huenda ukajifunza jambo, na hapana shaka atajifunza kwamba baba yake yuko pamoja naye. Maneno haya yawahusu pia mabinti, maana vidole vyao katika kulehemu waya nyembamba twaviona ni vyepesi kuliko vya kaka zao.

Nawe kijana, jawabu kwa baba lisiwe la mdomo. Nunua daftari. Chora safu mbili: ya kwanza umbali kwa rula, sentimita 5, 10, 15, na kuendelea mpaka 80; ya pili hesabu iliyosomwa na kibao. Rudia kwa karatasi nyeupe, kwa kitambaa cheusi na kwa kioo, kivulini na juani. Ukimaliza, mpelekee baba yako daftari hilo alisome kabla hujamwonyesha gari. Nakala moja tuletee sisi, tuilinganishe na yetu ya Musoma. Na zitakapotofautiana, katika toleo lijalo tutatafuta sababu yake, inshallah.

Wassalaamu alaykum.